Maharage ya Jumapili

Jirani yangu, muuguzi, kila Jumapili huchemsha sufuria kubwa ya maharage huku akipiga pasi sare za watoto. Jumatatu yanaliwa kwa wali. Jumanne anayaponda kwa mwiko, anayafinyanga kuwa madonge madogo na kuyakaanga kwa vitunguu, mikono ikienda mbio kama ya mtu anayefunga bandeji. Miguu imevimba kwa kazi, lakini hakai mpaka wanawe washibe. Jumanne moja nilikaribishwa mezani. Kitinda mimba wake, ambaye jana yake aliapa hagusi tena maharage, alikuwa akilamba vidole.

"Mama, haya ndiyo mambo! Siyo yale maharage yako."

Nikafungua mdomo. Jirani akanikanyaga mguu chini ya meza, kisha, macho makavu, akamgeukia mwanawe.

"Nikuongezee, baba?"