Nilifagia Duka Lililoungua, Shemeji Akabebeshwa Moto

Nimekosa, na sina wa kumsukumia. Nakwambia wewe usiyenijua kwa sababu wanaonijua wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Tangu nimalize kidato cha nne nimevuna mpunga Madibira, nimebeba mbao Mafinga, nimeuza mitumba Mbeya. Nikiwa mbali naikumbuka Igowole mpaka usingizi unakata. Nikifika Igowole naanza kuwaza barabara. Nina miaka arobaini na kitu, nyumba sina. Aliyebaki na mama ni mdogo wangu. Akaoa, akafungua duka kwenye nyumba ya marehemu baba.

Duka hilo liliungua mchana mmoja nilipokuwa nimekuja kusalimia. Mdogo wangu alikuwa Mbeya kufuata mzigo. Majirani walizima kwa ndoo na mchanga. Shemeji yangu aliungua mkono akiokoa nguo za watoto, na alikuwa akirudia jambo moja tu: "Ni waya wa friji. Nilimwambia mume wangu unachemka, akasema nisubiri."

Mwenyekiti wa kitongoji akawapigia zimamoto. Wakasema watafika kesho yake, na mpaka wafike mtu asifagie, asihamishe hata sufuria. Mwenyekiti akafunga kamba mlangoni.

Asubuhi niliikata kamba ile.

Kwetu nyumba ikiungua hatuiachi na majivu yake. Watu huja na makoleo kuzoa, ili mwenyewe akirudi asilie mara ya pili. Na mimi, ambaye baba aliugua mpaka akazikwa nikiwa njiani, nilitaka safari hii nionekane nilikuwepo. Shemeji alikuwa zahanati akifungwa mkono. Nikaita vijana.

"Kaka mkubwa, na hiyo kamba?" mmoja akauliza.

"Ya kuzuia wezi. Kwani wewe mwizi?"

Wakacheka, wakaingia.

Tulizoa kila kitu. Friji lililobaki mifupa tulimpa mnunuzi wa vyuma chakavu, alichukue na nyaya zake. Tukasugua masizi ukutani. Manyunyu yalipoanza nikalitoa jiko la mkaa uani, nikaliwasha mle dukani, nikawachemshia vijana chai. Mama akapita, akaniangalia, akasema, "Leo nina mtoto." Nilikaribia kulia.

Vijana walipoondoka na jiko likapoa, mdogo wangu akafika, na nyuma yake ofisa wa zimamoto, mama mmoja mpole. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Nani amefanya usafi huu?"

Nikainua mkono nusu.

"Baba, moto huacha alama. Pale ulipoanzia ukuta huungua kivyake, na waya uliopiga shoti huonekana. Nilikuja kusoma, wewe umefuta ubao." Akafungua kalamu. "Kuharibu ushahidi ni kosa. Umehamisha nini?"

Nikawahi kujibu: "Majivu tu, mama. Vingine hatukugusa."

"Na hili jiko?"

"Tumelikuta humu humu."

Neno likatoka, jepesi kabisa.

Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, mkono umefungwa bandeji. "Jiko lilikuwa huku nje! Shemeji, asubuhi nimeliacha pale kwenye tofali. Waambie."

Nikatazama chini. Mama naye, aliyeniona nikichemsha chai, akatazama pembeni.

"Kumbe unapikia dukani," mdogo wangu akamwambia mkewe, "halafu unalisingizia friji langu."

Ofisa aliandika kwamba chanzo hakikuweza kujulikana. Lakini nyumbani kwetu kilishajulikana. Ukoo ulikaa, shemeji akaambiwa aende kwao Madibira akapumzike. Alimbeba mtoto wake mdogo, wakubwa wakabaki na bibi yao, mama yangu.

Nilikaa kimya mpaka siku nilipomsikia binti yao mkubwa akimwambia mwenzake kisimani, "Mama yangu ndiye alichoma duka." Ndipo nikaenda kwa mdogo wangu nikamweleza yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kaka, juzi jiko lilikuwa ndani, leo lilikuwa nje. Mimi nishike lipi? Unamwonea huruma tu. Niletee friji tulitazame."

Nililifuata friji lile. Yule mnunuzi akanielekeza kwa tajiri wake, Mlandege pale Iringa. Tajiri akanionyesha uwanja umefagiliwa. Vyuma vya wakati ule vilishapakiwa vikaondoka.

Nikaenda Madibira kuomba radhi. Nilimkuta shemeji akipalilia mpunga, kovu la mkono linang'aa. Hakunitukana, afadhali angenitukana.

"Shemeji, mimi najua jiko lilikuwa wapi," akasema. "Hukuwa na haja ya kuja kuniambia mimi."

Basi nikarudi, nikasimama mbele ya ukoo nikasema. Wazee walitikisa vichwa kwa adabu, wasiniamini. Mama alipoulizwa habari ya jiko, akasema hakumbuki. Mpaka leo shemeji yuko kwao.

Ndugu msomaji, moto ukipita kwako au kwa jirani, pazime, kisha paache palivyo. Pawe pabaya, pasikitishe, panuke, mpaka wenye kazi yao waje wasome. Ukiulizwa ulichogusa, kitaje hapo hapo, hata kama kitakupeleka kituoni. Na kama mikono inakuwasha kusaidia, simama mlangoni, uwazuie watu kama mimi.