Mstari wa Mwisho wa Fomu

Walimwita Mama Bima, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa tiketi katika ofisi ya wakala wa safari, ghorofa ya chini, mlango wa kioo uliokuwa ukikwama kila mvua ikinyesha. Abiria akishalipa, akishatia tiketi mfukoni, akianza kunyanyuka kitini, Mama Bima hakuinua hata macho. Aliuliza tu, "Na bima je?" Wenzake walimwigiza wakati wa chai mpaka wakapaliwa. Yeye aliwaacha wacheke wachoke wenyewe.

Tiketi za siku hizo ziliandikwa kwa mkono, enyi mliozaliwa na simu viganjani. Chini ya karatasi ya juu kulikuwa na kaboni ya kunakilia, kisha karatasi nyingine, kisha kaboni tena, mpaka zikatimia nakala nne. Usipokandamiza kalamu, nakala ya nne inatoka tupu na meneja anakuja juu. Basi alikandamiza, mpaka kidole cha kati kikaota sugu. Sugu hiyo ipo hadi leo, ingawa ofisi ilishafungwa na mahali pake panauzwa vifuniko vya simu. Harufu ya kaboni akiikumbuka, anatamani arudi pale hata kwa saa moja, akae chini ya feni iliyokuwa ikipiga kelele kuliko abiria.

Fomu ya bima nayo ilikuwa na nakala nne, na mstari wa mwisho ndio uliompa kazi. Uliuliza jina la mtu wa kuarifiwa iwapo lolote litatokea. Watu walijaza fomu nzima mbiombio, wakifika pale wanasita. Aliwaona wanaume wazima wakiuma kalamu. Alimwona mama mmoja akiandika jina la mumewe, akalikata, akaandika la shoga yake. Hakuuliza, maana hayakumhusu. Lililomhusu ni kwamba mstari usiachwe tupu.

Ndipo siku moja akaja fundi saa, mwembamba, kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni kama vile amesahau kukivua. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake mgonjwa. Akajaza yote, akausukuma mzigo wa karatasi mezani.

"Hapa hujaandika kitu, kaka," alimwambia.

"Sina wa kuandika. Niliye naye ndiye huyo ninayemfuata, na kusoma hajui."

"Hata jirani?"

"Jirani yangu ukimwarifu, atahamia chumbani kwangu kabla sijazikwa."

"Basi fomu siipokei. Mstari haukai tupu."

Fundi saa akamtazama, akatazama kibao cha jina kilichokuwa juu ya meza, akaanza kunakili herufi moja moja. Alipomaliza, mtu wake wa kuarifiwa alikuwa karani mwenyewe. Nusura aichane ile fomu! Lakini foleni ilikuwa ndefu na meneja alikuwa anachungulia, akaigonga muhuri huku anasonya. Kwa siku tisa, kila simu ya ofisini ikilia, roho ilimruka. Siku ya kumi mlango ukakwama, ukasukumwa kwa bega, fundi saa akaingia na begi lake, hata nyumbani hajafika.

"Nimekuja kukuarifu," alisema, "kwamba hakuna kilichotokea."

Mwaka uliofuata alimwoa. Na kila aliposafiri baadaye alikata bima, akaandika jina lile lile, safari hii bila kunakili. Alikuja kufia kitandani kwake, mchana, redio ikisoma taarifa ya habari, bila safari na bila fomu. Imeshatimia miaka sita, na mkewe bado anaijaza saa yake ya ukutani ufunguo kila Ijumaa.

Kuna jambo ambalo wenzake hawakulijua wakati wakimcheka. Mama Bima, aliyepandisha watu ndege miaka yote hiyo, yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda. Wa kumpandisha alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na ambaye amekaa ng'ambo peke yake miaka kumi na tisa. Alipiga simu Jumapili. Alhamisi asubuhi angefanyiwa upasuaji wa moyo.

"Njoo kabla hawajanilaza usingizi, mdogo wangu," alisema. "Nikiamka, vizuri. Nisipoamka, tuwe tumeonana."

Mama Bima alilia na simu mkononi, kisha akapangusa uso, akavuta sanduku chini ya kitanda.

Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya Jumatano, kwa shirika jipya la bei chee lenye umri wa miezi minne na ndege mbili, ambalo wiki iliyotangulia tu lilikuwa limefuta safari mbili. Binti yake alikaa naye kwenye meza ya chakula, simu katikati yao.

"Bima ya nini, Mama? Tiketi yenyewe ni bei ya viatu. Ikifutwa, tumepoteza viatu."

"Viatu sivikatii bima, mwanangu. Nina presha. Nikianguka ugenini, kitanda cha hospitali siku moja tu kinakula nyumba hii pamoja na bati zake."

"Haya, kuna kisanduku hapa, tayari kina tiki."

"Hiyo tiki nani kaiweka? Wao. Itoe. Hiyo inalinda begi tu, najua walivyoandika huko ndani."

Akamfanya binti atafute kampuni nyingine, asome maandishi madogo yote kwa sauti. Maradhi uliyonayo lazima uyataje. Shirika likifilisika, wanalipa. Ndege ikichelewa saa sita kamili, wanalipa. Binti alisoma nusu saa huku anahema kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mwishoni akaweka simu chini.

"Na wakifuta Jumatano, hiyo bima itakufikisha kwa mama mkubwa?"

"Haitanifikisha," Mama Bima alisema. "Italipa. Na mimi ninachokiogopa ni kutofika, kingine chochote nakiweza."

Binti akampa simu ajaze mwenyewe sehemu iliyobaki. Akakandamiza kioo kwa kile kidole chenye sugu, herufi baada ya herufi, mpaka simu ikakataa kwa maandishi mekundu: namba haijakamilika. Binti akainama kutazama. Kwenye nafasi ya mtu wa kuarifiwa palikuwa na jina la baba yake, na namba ya zamani ya kibanda cha saa, ile ya tarakimu tano.

"Vidole vimekwenda vyenyewe," Mama Bima alisema. "Yeye aliniandika mimi kila safari. Mimi sikuwahi kusafiri nikamwandika."

Binti aliyatazama yale maandishi kwa muda kabla ya kuyafuta, kisha akaandika jina lake mwenyewe.

Jumatano ndege ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Saa tatu ikapita, saa tano ikapita, watu wakaanza kugombana na msichana wa kaunta. Mama Bima alikaa wima na mkoba mapajani, akihesabu saa za kuwatazama wagonjwa kule aendako, akimwomba Mungu kimyakimya. Ndege iliondoka saa nane kasoro dakika kumi. Ilichelewa saa tano na dakika hamsini, na bima haikulipa hata senti. Binti alituma ujumbe wenye neno moja: "Viatu!"

Alifika hospitali zikiwa zimebaki dakika ishirini wageni watolewe. Dada yake alikuwa amekonda, mikono yote mifupa, lakini macho yalikuwa yale yale. Walishikana mikono. Nesi alikuwa amesimama kando na ubao wenye fomu.

"Wewe ndiye?" nesi aliuliza. "Tangu asubuhi namwambia amalizie kujaza, ananiambia karani wake yuko njiani."

Mama Bima akaipokea. Fomu yote ilikuwa imejazwa kwa mwandiko wa kutetemeka, isipokuwa mstari mmoja wa chini.

"Kila mara wanaponilaza hapa naacha tupu," dada yake alisema. "Leo nimekuachia uandike mwenyewe."

Akachukua kalamu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akikandamiza kwa nguvu zake zote, mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta.

"Taratibu, mama," nesi alisema. "Hiyo haina nakala chini."

Dada mkubwa alifumba macho, ameushika mkono wa pili wa mdogo wake.

"Mwache akandamize," alisema.