Mpira wa Kuulizana Hali

Mama alifariki nyumbani Buna asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mimi nilikuwa bado njiani kutoka Garissa. Nilirudi shuleni bila kulia. Kila aliyenipa pole nilimjibu "Alhamdulillah", nikaingia darasani.

Nafundisha gredi ya sita michezo, kile kipindi ambacho walimu wa hesabu wamekigeuza shamba la bibi. Mkuu wa shule alitaka tupenyeze humo stadi za maisha. Haya! Nikabuni mchezo. Tunasimama duara kwenye kivuli cha mti wa mathenge, anayerushiwa mpira anaulizwa hali, anajibu ukweli, kisha anamrushia mwenzake na kumuuliza. Sheria ni moja tu: "Alhamdulillah" hairuhusiwi. Lo, walikwama wote! Kwetu hata mwenye nyumba inayoungua hujibu hivyo kwanza, ndipo aombe maji.

Shida yangu ilikuwa msichana mmoja wa upande wa Modogashe. Mbuzi wa kwao walikufa wote kwa ukame, akaletwa mjini kwa shangazi yake, na tangu hapo hakutamka neno. Shangazi alikuwa amenionya: "Mwalimu, wallahi, asipozungumza kufikia Ijumaa, namrudisha kwa mamake. Siwezi kusomesha jiwe."

Alhamisi mpira ukamfikia. Tukangoja. Mmoja akaanza kucheka, nikamkata jicho.

"Moyo umekufa ganzi," msichana akasema. "Kama mguu ukiukalia."

Kisha, kwa sheria ya mchezo, akanirushia mimi. "Na wewe, mwalimu?"

"Hata mimi," nikasema. Sikuona aibu. Sikuhisi chochote. Nikamrushia mwingine mpira, kipindi kikaendelea.

Ijumaa shangazi akaja langoni. Nikamweleza kwamba mtoto amezungumza, na alichosema.

"Alilia?"

"Hapana."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Nilidhani atasema hilo halitoshi.

"Mimi sikuwahi kumuuliza," akasema. "Nilimwambia avumilie tu. Basi abaki. Huko kwa mamake kila mtu anavumilia. Nani atamuuliza?"

Nikataka kumshukuru. Badala yake nikalia, hapo hapo langoni, mchana kweupe, watoto wakiniangalia.