Majivu Kwenye Bluberi

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, baba alistaafu ualimu, na rafiki yake wa mashamba ya chai kule Kericho akamletea miche miwili ya bluberi pamoja na magunia ya udongo wa huko. Baba alikuwa ameonja tunda hilo ng'ambo, enzi za masomo, na hakuacha kulitaja: dogo, la bluu, kama zambarau iliyodumaa. Udongo wa mtaa wetu wa Migosi ni mweusi na unanata, kwa hiyo aliipanda kwenye pipa lililokatwa nusu, chini ya dirisha lake.

Kisha akaugua. Samaki wa ufuo wa Dunga wakamshinda, uji ukamshinda. Alitamani kitu kimoja tu.

"Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake, "hiyo kitu ikizaa hata moja, nitakula."

Nikaapa itazaa. Kila asubuhi nilichota majivu ya jiko nikayamwaga kwenye mashina, kama marehemu mama yangu alivyofanyia sukuma wiki yake. Majani yalipogeuka manjano nilidhani ni njaa, nikaongeza majivu. Nilikuwa naimba, mjinga mimi. Baba alinitazama kupitia dirishani.

"Bado?"

"Imebaki kidogo, Baba."

Miche ilikauka mwezi mmoja kabla ya baba kufariki. Sikumwambia, naye hakuuliza tena.

Baada ya mazishi yule rafiki alipitia nyumbani kunipa pole. Akatia kidole kwenye pipa, akakinusa.

"Bluberi inataka udongo mchachu, kama chai. Jivu inaiua. Lakini hata joto ya hapa ingeimaliza, usijilaumu."

Nilimwambia hatukujua, si mimi wala baba. Akatoa mfukoni barua aliyoandikiwa na baba. Mwandiko wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka: "Anaweka jivu kila asubuhi. Nilitaka kumkataza, lakini ndiyo saa pekee anaimba siku hizi. Wacha aweke."

Niliirudisha barua bila kuikunja. Nilimpenda baba, na nilimnyima tunda lake kwa mikono yangu, kila siku, mbele ya macho yake. Namkasirikia mpaka leo. Alisahihisha watoto wa watu maisha yake yote, mimi akaniacha nikosee.