Siku Nilifuata Telefone ya Bwana Mpaka mu Dote ya Batu

Uvumilivu wangu ulikatika saa tatu ya asubui, mikono yangu ikiwa bado mu sabuni. Siku mbili nzima Kambale, bwana yangu, hakuitika telefone. Yeye ni shofere wa Fuso, anatoka hapa Butembo, anapita Beni, anaenda kupakia kakao Mbau, na ile barabara sisi wote tunaijua, iko na batu benye bunduki, bwana akikawia unasali mbele ya kuwasha moto. Nikapiga tena, na mara hii ikaitikwa. Na mwanamuke.

"Mwenyewe aliiacha hapa, atarudi saa kumi," akasema, sauti ya mutu ameshiba, akakata.

(Haya yangu naileta mapema, musichoke kuingojea: kuna kartie moja, mutaa wa Beni, fasi mpaka leo bananiita Mama Mbuzi.)

Ningepiga tena na kumuuliza, "Mama, uko wapi?" Maneno matatu. Mais hasira haiulizi. Nikafunga mutoto wangu Gloire ku mugongo, nikateremuka mpaka kwa fundi mumoja wa telefone hapa Vulamba, mwenye batu banaita Dokta, juu ndiye alibadilisha kioo cha telefone ya Kambale.

"Mama Gloire, hii ni kazi ya dakika mbili," akasema, akafungua kompyuta. "Kila telefone inayopita mu mikono yangu, ninaiwekea kitu kidogo. Angalia, bwana yako yuko hapa."

Kila telefone. Ile neno niliisikia na nikaiacha ipite, juu ile saa ilinisaidia.

Mu karte, ile ramani ya kompyuta, kulikuwa nukta nyekundu juu ya nyumba ya mabati ya bleu, Beni, na kuzunguka nukta kulikuwa mviringo mukubwa uliofunika kartie karibu yote. Nikauliza ule mviringo ni wa nini.

"Ni kivuli tu. Wewe angalia nukta."

Nikaangalia nukta. Nilimaliza masomo ya sekondari, nilifunzwa hesabu, na bado nikaangalia nukta.

Mu taksi ya Beni nilieleza mambo yangu kwa sauti, na tulipofika Kalunguta abiria wote walishakuwa upande wangu. Mama mumoja mwenye kapu ya maharagi akaniambia, "Binti yangu, usibishe hodi. Mutu anayebisha hodi anawapa nafasi ya kutoka nyuma."

Sikubisha hodi. Mabati ya bleu niliyaona toka barabarani, nikasukuma lango kwa bega, waya iliyolifunga ikakatika, nikaingia nikisema kwa nguvu, "Kambale atoke! Na mwanamuke wake naye atoke!"

Ndani ya lupango, kiwanja cha ile nyumba, kulikuwa viti mistari miwili, batu bamevaa nguo za misa, na katikati binti amefunikwa kitenge kichwani. Ilikuwa dote, siku ya kutoa mahari. Familia ya kijana ilikuja kutoa mbuzi, na mbuzi zenyewe zilikuwa zimefungwa ku ile waya niliyoikata.

Sasa, sisi Banande, mutoto mwanaume wa pili ni Kambale. Ukiita Kambale mu kikao, hauiti mutu, unaita nusu ya kikao. Wanaume watatu walisimama. Wa tatu ndiye bwana-arusi.

Shangazi ya binti, mama munene mwenye mukufu wa rozari, akaniangalia mimi, akaangalia Gloire ku mugongo, akaangalia bwana-arusi. Akasema polepole, "Donc, huyu kijana iko na bibi na mutoto."

"Mama, mimi huyu simujui," kijana akasema.

"Siye, mama," nikasema na mimi. "Huyu siye Kambale yangu."

"Unasema siye. Mais mutoto anafanana naye."

Binti, jina lake Masika, akatoa kitenge kichwani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na ilikuwa kazi yangu. Wazee wa upande wake balishaanza kusimama. "Barudishe mbuzi zao," mumoja akasema, na mwingine akajibu kwamba mbuzi zenyewe zimeshajirudisha, zote ziko barabarani.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikatoa telefone, nikaiweka sauti kubwa ili kila mutu asikie, nikapiga namba ya bwana yangu.

"Ni wewe tena?" ile sauti ikasema. "Nilikuambia saa kumi."

"Mama, uko wapi?"

"Hapa Beni, nyuma ya musikiti, mulango ya kijani. Kwani haujui?"

Nyumba sita kutoka lupango tulimokuwa, ndani ya ule ule mviringo, juu mviringo ulisema telefone inaweza kuwa fasi yoyote ndani yake. Shangazi akatuma mutu kumuita. Akaja Mama Zaina, bwana yake ni transporteur, mwenye malori, yeye amejifunga shela, mukononi kapu ya telefone, kila moja na karatasi ya jina. Akaeleza kikao kizima: mashofere wanaoenda upande wa Mbau bananyanganywa telefone mu njia, donc zile nzuri banamuachia yeye, anazishaji, bakirudi banazikamata. "Ile ya Kambale wake ni hii. Huyu bwana-arusi sijawahi kumuona. Na ninyi muache kulia, mbuzi zinakula mboga za jirani."

Masika ndiye alicheka wa kwanza. Kisha tukatoka wote kufukuza mbuzi, mimi mbele, mutoto ku mugongo, kiatu kimoja, na kartie nzima ku milango. Dote ikaendelea. Bakaniketisha, bakanipa sahani ya fufu na nyama, na shangazi akamushika Gloire ili nikule vizuri. "Wasingya," nikamushukuru kwa Kinande, nikaanza kula.

Kambale alifika saa kumi na dakika kidogo, vumbi mpaka ku nyusi. Nilimueleza yote. Hakukasirika, na ndiyo iliniumiza.

"Muke yangu," akasema, "mutu akijua fasi niko, anajua pia fasi ya kuningojea. Ule fundi anaonyesha kila mutu anayeuliza?"

Nikamurudilia neno la fundi: kila telefone. Ninamushukuru Mungu kwamba aliyeuliza alikuwa muke mwenye wivu, hapana mutu mwenye bunduki. Ninamushukuru Mama Zaina, ninamushukuru Masika, aliyeolewa na bado ananisalimia. Nikitaka kujua fasi bwana yuko, sasa ninamuuliza yeye, na asipoitika, ninamupigia Mama Zaina.

Lakini shukrani haizimi hasira yote. Asubui iliyofuata niliingia mu bureau ya commune, ofisi ya serikali hapa Butembo, nikaomba karatasi. Mwenye kuandika akauliza nashitaki nani. Nikamuambia aniachie bic, nitaandika mwenyewe. Niliandika hivi:

"Ninamushitaki fundi wa telefone aliyeweka mu telefone ya bwana yangu kitu cha kumufuata bila kumuambia, na aliyesema anafanya hivyo kwa kila telefone. Ninaomba avitoe vyote mbele ya wenye telefone. Ninaomba pia muandike kwamba mimi, muke ya ule bwana, niliangalia bila ruhusa yake, na fasi nilionyeshwa haikuwa fasi aliyokuwa. Mu orodha ya wenye kosa, jina langu muliandike la kwanza."