Jino la Mbenga

Mabomu yalikuwa yamenyamaza kidogo asubuhi ile ya Juni. Kabla Hélène hajamaliza rozari yake, tonton Alexis, mdogo wa baba yake, aliingia uani, kofia mkononi. Hélène akajua.

"Hélène, papa yako ameenda," alisema. "Bombe imemupata nyuma ya misheni. Yezu amupokee."

Papa Constant, seremala wa mtaa wa Mangobo, walimkuta barazani kwa padri, amefunikwa kitambaa cha altare. Mbao za jeneza hazikupatikana mji mzima. Padri akatoa kwenye sakristia sanduku refu la zamani la mavazi ya misa, lililopambwa maua ya mbao nyeusi na pembe nyeupe, yamepachikwa ndani ya ubao.

"Alikuwa akisema alilitengeneza yeye, ujanani," padri alisema. "Kama ni kweli, Mungu anajua. Mchukueni nalo."

Hata Hélène hakuwa na hakika. Mangobo nzima walikuwa wakimcheka baba yake: eti kitu cha Ulaya, yeye anajidai kakitengeneza.

Walimlaza ndani, kisha yeye na tonton wakalisukuma kwa mkokoteni kuelekea makaburini. Kizuizini askari wakawasimamisha. Mkubwa wao akapapasa maua.

"Pembe ya tembo hii! Kitu ya Wazungu. Mumeiba ku misheni." Akakoki bunduki. "Mwizi, siye tunajua dawa yake."

Tonton Alexis aliuachia mkokoteni, akainua mikono.

"Papa yangu, huyu tunamuzika, ndiye aliitengeneza," alisema Hélène.

"Huyu mufu? Bon, umwambie atuonyeshe alama yake!"

Wenzake wakacheka. Hélène akakumbuka hadithi ambayo baba aliirudia kila walipokula samaki: kwamba alipokuwa mwanafunzi wa useremala alivunja kipande cha pembe, akamwogopa bruda wa misheni aliyemfundisha, akapachika mahali pake jino la mbenga, yule samaki mkali wa mto, alilotoka nalo kijijini kwao Yanonge. Ncha hakuisaga, asije akalipasua. Hélène hakuwahi kuliona. Na kama yalikuwa majigambo tu? Basi yeye na tonton wangelala hapo hapo kando ya baba. Maria, utuombee.

"Nyuma, kona ya kushoto," alisema. "Ua ya mwisho. Jani moja si pembe. Ni jino ya mbenga, na iko na ncha."

Askari akachuchumaa, akapitisha kidole polepole.

"Aï!" Akakivuta, akanyonya damu.

"Chef, mufu amekuuma!" wenzake wakaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Aliliangalia lile ua, kisha akamtazama Hélène.

"Mupite. Mbio!"

Makaburini walichimba kwa zamu, shimo la kina kidogo, kwa kuwa mabomu yalikuwa yameanza tena ng'ambo ya mto. Padri hakuweza kufika. Tonton Alexis aliongoza Baba Yetu na Salamu Maria, akikatiza kila mlipuko uliposikika. Waliliteremsha sanduku kwa kamba. Hélène alitupia udongo wa kwanza, tonton akajaza uliobaki. Wakasimika msalaba wa fito mbili, wakapiga ishara ya msalaba, wakarudi nyumbani wakiambaa kuta.