Chausiku na Nyumba Aliyoikataa kwa Adabu

Maji yamekupwa Mtoni. Chausiku binti Salumu amezama topeni mpaka magotini, anafukua makumbi ya nazi aliyoyafukia tangu masika. Yananuka, usiseme. Anayarusha ukingoni, anaketi kando ya gogo na kuyaponda kwa rungu mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba.

"Mikono imeshazoea," anasema bila kuinua kichwa. "Kisichozoeleka ni kurudi nyumbani huku najiuliza kama leo nitakuta kufuli."

Nyumba anayoisema iko Temeke, ya miti na udongo, vyumba sita na ua nyuma. Waliijenga vita vikuu vya pili vilipokwisha, yeye na mumewe Marijani, mpakuzi wa mizigo bandarini. Marijani alileta nguzo. Chausiku alisokota kamba zote zilizofungia fito. Mtoto hawakujaliwa. Sasa Marijani amekufa na nyumba inauzwa, na kinachouma zaidi ni kwamba Marijani alimpa mkewe nyumba hiyo kwa mdomo wake, tena mbele ya watu.

Mambo yalikuwa hivi. Alipoanza kukohoa damu, Marijani alijua hali yake. Mume asiye na mtoto akifa, mke hurithi robo. Hapa kilichobaki kingekwenda kwa Sadallah, ndugu yake Marijani, fundi cherehani wa Kinondoni. Marijani akataka kumwusia mkewe nyumba yote. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamkatalia: mrithi hausiwi, ila warithi wenzake waridhie. Njia iliyobaki ni hiba. Ampe sasa hivi, akiwa hai, na mke apokee na akabidhiwe.

Basi Ijumaa moja baada ya sala, Marijani aliwaita majirani barazani, akamwita na mkewe. "Chausiku," alisema, "nyumba hii nimekupa. Tangu leo ni yako." Akamnyooshea ufunguo.

Masikini Chausiku, kalelewa akaleleka! Mume mgonjwa, wageni wamekaa, halafu yeye anyooshe mkono apokee nyumba kama mtu aliyekuwa akingoja msiba? Alifunika uso kwa kanga.

"Hee! Ondoa maneno hayo, mume wangu. Mie nyumba ya nini, na mwenyewe upo?"

Majirani walitikisa vichwa kwa furaha. Mke ndiye huyu, walisema. Ufunguo ukarudi mfukoni kwa Marijani, na chai ya tangawizi ikaletwa.

"Nilijua ni yangu," Chausiku anasema, rungu limetulia mapajani. "Kwani ukikaribishwa chakula, si unasema kwanza umeshiba? Kisha unakaribishwa tena, ndipo unanawa. Mie nilikuwa nangoja anikaribishe mara ya pili."

Mara ya pili haikuja. Jumatatu yake Marijani alipoteza kauli, na kabla ya mwezi kuandama wakamzika.

Chausiku alikaa eda humo humo ndani. Alipotoka tu, Sadallah alikuja na mnunuzi. Shauri likaenda kwa liwali, na shahidi wa Chausiku alikuwa jirani yake, Mzee Mwishehe, aliyekuwepo barazani siku ile. Mzee huyo hasemi uongo hata kwa mzaha. Alieleza maneno ya Marijani neno kwa neno. Kisha akaulizwa mke alijibu nini, na hilo nalo akalieleza neno kwa neno.

Liwali alimgeukia Chausiku. "Ni kweli ulisema hivyo?"

Alikuwa ameshaapa. "Kweli, bwana. Nilisema kwa heshima."

"Mama, hiba ina kutoa, ina kupokea, ina kukabidhi. Hapa nimesikia kutoa tu." Aliyasema kwa upole, lakini aliyasema. Nyumba iuzwe, mke apewe robo yake.

"Robo ya vyumba sita ni chumba kimoja na nusu," anasema Chausiku, akicheka kicheko kisicho na furaha. "Sasa hiyo nusu nitailalaje, jamani?" Fedha za robo hazitamjengea hata banda, na kamba zinampatia unga na mafuta ya taa, basi.

Siku iliyofuata hukumu, Sadallah alikuja Temeke kufunga chumba cha mbele kwa kufuli. Akamkuta shemeji yake analia barazani, majirani wamemzunguka, na macho yote yakamgeukia yeye Sadallah. Haya ikamshika.

"Shemeji, usilie," alisema. "Chumba hiki nimekupa. Kaa mpaka Mungu atakapokuchukua. Huyo mnunuzi nitamwambia."

Kila aliyekuwepo alijua jibu la kiungwana: ahsante, shemeji, usijitie tabu. Sadallah mwenyewe alikuwa ameshaanza kuvaa makubadhi aondoke.

"Nimepokea," alisema Chausiku. Sauti ilifika mtaa wa pili. "Mzee Mwishehe, umenisikia? Nimepokea! Lete ufunguo, shemeji."

Sadallah alibabaika, akapapasa kanzu yake huku na huku. Ufunguo wa chumba, alisema, hakuja nao, angeuleta Ijumaa; akaondoka na kufuli lake. Ijumaa hiyo imepita, na nyingine zimepita. Juzi mnunuzi alikuja kuupima ua, wala hakusalimia.

Mzee Mwishehe anasema akiitwa tena ataeleza aliyoyasikia. Hakuna anayejua kama yatatosha.

Chausiku anajitwisha mzigo wa usumba, tope bado linamchuruzika miguuni. Ijumaa hii hatangoja barazani. Atakwenda Kinondoni kwa miguu pamoja na mzee huyo, wasimame mlangoni kwa Sadallah wakati watu wanatoka msikitini, adai ufunguo wake kwa sauti.

Anaulizwa kama haoni aibu, mwanamke mtu mzima kumpigia shemeji yake kelele njiani.

"Naona," anajibu. "Nitakwenda nayo hivyo hivyo."